Walifanya alaimenti, gari likaendelea kuvuta kushoto

Nililipia alaimenti, yaani magurudumu kupimwa na kunyooshwa kwa mashine, na gari likavuta vilevile. Asiniambie mtu "labda ni barabara". Najua barabara zetu zimeinama kidogo kuelekea ukingoni ili maji yatoke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari lolote ukiliachia usukani litasogea kushoto taratibu. Langu halikuwa linasogea, lilikuwa linatafuta mtaro! Kutoka Mbezi mpaka Kimara bega limekufa ganzi. Na ni gari la mwaka 2019, si mkweche.

Nikaenda kwenye kituo cha matairi, vile vya sakafu inayong'aa na kahawa ya bure. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limeliwa ndani tu, nje meno mazima. Upepo ukipungua, tairi linaliwa kingo zote mbili. Ukizidi, linaliwa katikati. Likiliwa upande mmoja, mara nyingi kesi iko kwenye mguu wa gari. Msimamizi hata kuinama hakuinama. "Mama, weka matairi mawili mapya na alaimenti, unaondoka na gari jipya."

Nikalipa. Gari likavuta. Nikarudi, alaimenti tena, hela tena, gari likavuta vilevile. Na tairi jipya limeshaanza: ukipitisha kiganja kwenda huku ni laini, ukikirudisha linakwaruza kama msumeno.

Sasa hapa ndipo damu ilipochemka. Ile mashine inatoa karatasi yenye vipimo vya kila gurudumu, kabla na baada. Nikaiomba. Akaikunja. "Haya ni ya kitaalamu, mama. Nyie mnapanda matuta bila breki halafu mnatulaumu sisi." Mbele ya wateja! Nyie akina nani? Nikamwambia nipe karatasi yangu, nimeilipia.

Kasta ya kushoto, yaani mlalo wa kwenda mbele au nyuma wa mhimili ambao gurudumu huzungukia ukikata kona, ni nyekundu kabla, nyekundu baada. Nyekundu maana yake kipimo kiko nje ya kiwango. Yaani mashine ilikuwa inawaambia! Gari huvuta kuelekea upande ambao kasta yake ni ndogo, na magari mengi ya siku hizi kasta ya mbele haina sehemu ya kuirekebisha. Ikihama, kuna kitu kimepinda au kimelegea, na hicho ndicho cha kutafuta kabla hujagusa spana.

Kijana wao alikuwa ameshakitafuta. Aliponiletea ufunguo akaninong'oneza: "Dada, bushi ya nyuma ya amu ya chini, kushoto, raba imechanika. Nilimwambia bosi toka mara ya kwanza, akasema nifunge tairi." Bushi ni ule mto wa raba unaoshika amu, na amu ni chuma kinachoshikilia gurudumu. Kumbe gurudumu lilikuwa linarudi nyuma kila nikikanyaga breki, na wao wanapima kitu kisichotulia.

Bushi nikanunua kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, fundi wa mtaani akabadilisha kushoto na kulia. Alaimenti nikarudi kulekule, maana ukweli usemwe, mashine yao ni nzuri, na safari hii nilimtaka yule kijana. Akapima upepo kwanza, akaanza na magurudumu ya nyuma, ndipo akaja mbele, usukani ukiwa umefungwa katikati. Mwisho akaweka sawa sensa ya usukani, ile inayoliambia gari usukani umeelekea wapi, kitu ambacho haya magari mapya mengi yanahitaji na mafundi wengi wanakiruka. Gari sasa linanyooka mpaka raha. Wallahi nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Nikiwa nalipa, bei kamili, hata shilingi haikupunguzwa, msimamizi akajisogeza na tabasamu lake: "Si nilikwambia mama, tatizo ni bushi?"

Aliniambia lini?

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Hela ya zile alaimenti za mwanzo hakuna anayeitaja, na tairi langu jipya limeshakwanguliwa ndani. Kama hamna pa kwenda, gari lipandishwe jeki na bushi zitikiswe kwa mtaimbo kabla halijapanda kwenye mashine, na karatasi mpewe mkononi. Hapana, bora msiende kabisa. Au nendeni Jumapili, kijana anasema siku hiyo bosi hayupo.