KONG ya watoto wa mbwa: uzoefu wangu kwa sisi tunaofanyia kazi nyumbani

Aisee hii naiandika kwa ajili ya wanaofanyia kazi nyumbani halafu wakaleta katoto ka mbwa, maana huku Kigoma wengi wakiona kanasumbua wanakafunga kamba chini ya mwembe kutwa nzima, na mimi hilo silitaki kabisa, mbwa anakua mkali kwa sababu ya upweke tu. Tomi wangu ni chotara wa jamani shepadi, nimemchukua ana miezi miwili na kidogo, na kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara, laptopu mezani simu sikioni. Sasa ukifungua tu mahesabu yeye yuko chini ya meza na waya wa chaja, ukimtoa kwenye waya kashika ndala, ukimnyang'anya ndala anadaka pindo la suruali anajua mchezo ndo umeanza.

Dada yangu yuko Dar, nikamwomba anitafutie KONG, kile kichezeo cha raba cha mbwa kutafuna ambacho unajaza chakula ndani, ile ya puppy yaani ya watoto wa mbwa, akaipakia kwenye basi. Bei imechangamka kwakweli, ni hela ya kumlisha mbwa siku nyingi tu. Ila ukiishika unaelewa, ni raba nzito inayodunda ovyo ovyo haieleweki inaelekea wapi, umbo lake mabonge matatu yamepandana, ndani wazi, ina tundu kubwa chini na dogo juu. Aliyeibuni ni Mmarekani anaitwa Joe Markham, miaka ya 1970, mbwa wake alikuwa anatafuna mawe anajiharibu meno, siku anatengeneza gari lake la Volkswagen mbwa akang'ang'ania kipande cha raba cha saspensheni, wazo likaanzia hapo.

Hayo matundu mawili myaangalie sana jamani. Madukani kuna mipira ya bei rahisi yenye tundu moja tu, mbwa akilamba ndani hewa haina pa kupita na ulimi unaweza kunasa, hiyo ni hatari, msinunue hata kama ni buku.

Chakula ndo siri yenyewe. Ukimpa raba tupu atacheza kidogo ataiacha arudi kwenye waya, kwahiyo mimi mlo wake wa asubuhi unaingia humo badala ya kwenye sahani, siongezi juu ya mlo, asije akanenepeana bure. Siku za mwanzo unaweka vitu vinavyomwagika kirahisi ili asikate tamaa, akishazoea unashindilia, baadaye unagandisha kwenye friza kabisa. Wangu nampondea viazi vitamu na dagaa wetu wa ziwani, wale wabichi nawachemsha bila chumvi, wale wakavu natoa mchanga wote kwanza. Mawese hapana, najua huku kila kitu mawese, ila mafuta mengi yanamharisha. Siagi ya karanga naipaka mdomoni mwa tundu tu, na karanga nachambua mwenyewe, zenye ukungu zina sumukuvu na mbwa sumukuvu inamuua ini. Ya kopo soma maandishi, ikiwa na utamu unaoitwa xylitol usimpe hata kijiko. Vitunguu, chokoleti na zabibu navyo usiweke.

Sasa muda. Mtoto wa mbwa analala sana, masaa 18 mpaka 20 kwa siku, kwahiyo wewe unachotafuta sio kumchezesha kutwa, unatafuta kumfikisha kwenye usingizi. Mimi namtoa nje kwanza akojoe, tunakimbizana kidogo uani, ndo namuwekea KONG yake kwenye gunia pembeni ya meza. Analala kifudifudi, anaibana kwa miguu ya mbele, kidole kimoja kimeingia kwenye tundu, masikio yamelala, unasikia ulimi tu lap lap lap na puani dagaa, na wakati mimi naingiza stakabadhi anapunguza, anapunguza, kichwa kinaangukia juu ya raba, kwisha. Hapo ndo napiga simu zangu za maana. Akiamka tu natoka naye fasta, wa umri huu hawezi kubana mkojo.

Na nataka watu waelewe kwamba hawa sio wakorofi. Meno ya utoto yako 28 na yanaanza kung'oka kwenye miezi 3 au 4, mpaka miezi 6 au 7 ndo anamaliza kuota ya ukubwa 42, fizi zinawasha muda wote huo, lazima atafune kitu, ni wewe kuchagua atafune nini. Ile iliyogandishwa inampoza kabisa, tangu nianze kumpa, chaja yangu iko salama. Mifupa iliyopikwa ndo usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha.

Kasoro zipo. Sisimizi wanakuja, ukiisahau chini ya meza nusu saa tu umewakuta, na kuiosha ndani ni kazi kama hukuiloweka, mimi natumia maji ya moto na brashi ya chupa za watoto. Sakafu nayo inanuka dagaa, ndo maana ya lile gunia. Pia usimuache nayo peke yake siku za mwanzo, kaa umuone anatafuna vipi.

Saizi chagua kwa uzito wake, na ukiwa njia panda chukua kubwa, ndogo anaweza kuimeza ikamkaba. Ya puppy ni laini, huwa ya bluu au pinki, meno ya ukubwa yakitoka ataichana, hapo unahamia nyekundu, na mwenye mbwa wa taya nzito achukue nyeusi. Ya Tomi nyekundu nimeshamwambia dada aanze kuitafuta.