Jahazi la kutazama jua likizama Zanzibar, ulizia tanga kabla hujalipa

Watu wananiuliza sana wachukue boti ipi jioni pale Mji Mkongwe, jibu langu ni moja tu, kabla hujatoa hela muulize nahodha, tutatweka tanga au tunaenda kwa mashine? Maana boti zimejaa Forodhani na Shangani na zote zina mlingoti, ila kuna nyingine tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, haliguswi kabisa, unalipia jahazi halafu injini inanguruma mwanzo mwisho na moshi wa dizeli unawarudia mliokaa tezini, kule nyuma. Nimepanda ya hivyo, hapana kwa kweli.

Hili tulilopanda juzi na shangazi na wanawe ndo lenyewe. Tumetoka saa 11 jioni, tulivyofika mbele kidogo nahodha akazima mashine, mabaharia wakavuta henza, kamba ya kupandishia tanga, foromali ikapanda, tanga likashika upepo wa kusi na kelele zote zikakata, ukawa unasikia maji tu yanapiga ubavuni. Nyuma unaiona Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu lililoporomoka upande Desemba 2020, na ngalawa za wavuvi zinakupita ndo kwanza zinaenda kazini. Yaani raha!

Mji unatazama magharibi kwahiyo jua linazama baharini kabisa, kama saa 12 na dakika 10 mpaka 12:45 inategemea mwezi gani, boti inayokwambia inaondoka saa 12 achana nayo.

Maboya ya kuvaa waligawa kabla hatujaondoka, na nahodha mwenyewe alimfunga mtoto mdogo kamba za boya lake akahakikisha halichomoki. Baada ya meli kuzama, Spice Islander 2011 na Skagit 2012, hilo halina mjadala jamani, maboya hayatoshi, shuka.

Kahawa ya tangawizi nzuri, kashata nzuri, katlesi zilikuwa zimepoa.

Wenye wazee mjue kupanda ni kuingia majini. Shangazi goti linamsumbua, vijana wakamshika huku na huku, "taratibu bi mkubwa," mpaka akakaa. Ukiweza nenda siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi mpevu au mwezi ukiandama, jioni maji yanakuwa yamejaa boti inasogea karibu na mchanga. Na bei mnapatana, shuka ufukweni mchana uongee na nahodha mwenyewe, usimalizane na mtu wa kati barabarani.