TAHADHARI: "Epoksi ya chuma ya kujichanganyia" ni bodi fila (uji wa kuzibia mibonyeo ya bodi za magari) na chaki!

Mafundi wenzangu wa Kongowea, Changamwe na Likoni hapa Mombasa, kuna jamaa anapita karakana kwa karakana na kopo lisilo na jina, tyubu ndogo na mkebe wa unga wa kijivu, akisema ni epoksi, ile gundi ngumu inayochanganywa na unga wa chuma kuziba nyufa. Seti moja shilingi 2,400. Msinunue! Naona haya kuandika, maana chuma si kitu nilichoanza kukishika jana, lakini bora nichekwe mimi kuliko mwenzangu alipie kazi ya mteja mara mbili.

Oneni alivyonichezea. Alitoa kifuniko cha pampu chenye ufa uliozibwa, kimepigwa tupa hadi kikalainika. Akakibana kwenye jiriwa yangu mwenyewe, akakigonga nyundo mara tatu. Hakikupasuka hata kidogo. Kisha akamwaga unga kwenye karatasi, akapitisha sumaku chini yake, na unga wote ukatembea mbele ya macho yangu. Akachota kijiko kimoja cha uji wa kopo, akakoroga na unga, akabana dawa nyekundu kiasi cha punje ya mahindi. Dakika nne tu, jiwe, na joto lake lasikika mkononi. Sasa mtu ukatae nini hapo?

Na nilikuwa na sababu ya kuutamani ule unga. Kujitengenezea ni kazi: ukusanye vumbi la chuma la mashine, ulisuuze kwa tina ya rangi hadi mafuta yaishe, ulikaushe, ulichekeche kwa kitambaa. Kisha gramu 300 hadi 400 za unga kwa kila gramu 100 za resini (gundi yenyewe) na hadina (dawa ya kuigandisha) zikiwa pamoja. Nusu siku imekwenda kabla hujagusa ufa. Mtu akikuletea uliochekechwa tayari, utamfukuza?

Nyumbani nikafunga sumaku kwa plastiki, nikautenganisha ule unga. Kilichonata hakikufika hata robo. Kilichobaki nikakikamulia ndimu, kikatoka povu papo hapo: chaki! Yale machembe machache ya chuma ndiyo yaliyokuwa yakiikokota juu ya karatasi. Na kile kifuniko cha pampu alichokigonga nyundo, mimi naapa kilichomelewa kwa shaba kwanza, fila ikapakwa juu.

Ule uji nao ni poliesta, bodi fila iliyolainishwa. Harufu yake ni ileile kali yenye utamu wanayoisikia wanaopita kwa mafundi wa boti za faiba. Puani iliniingia, nikaipuuza. Ile dawa nyekundu ya tyubu ni peroksaidi, ya kuugandisha uji huo, hutiwa asilimia 1 hadi 3 tu ya uji. Hadina ya epoksi haiwi punje: mara nyingi huwa nusu ya resini, au sawa kwa sawa, kutegemea alivyoandika mtengenezaji, na hupimwa kwa mizani kwa sababu yenyewe inakuwa sehemu ya lile jiwe. Ukiipunguza au ukiizidisha, inabaki kama ubani uliotafunwa. Poliesta hunywea ikikauka, ikajivuta pembeni mwa ufa, maji ya chumvi yakapenya, kutu ikala chini, kisha fila yote ikabanduka kama gamba. Ile pampu ya mteja mnayoijua, niliyoiziba kwa dawa hiyo, ilidumu siku tatu. Na mwenye pampu pia mnamjua, kwa hiyo maneno niliyoyasikia sitayarudia.

Yule muuzaji aliniambia pia kwamba dawa yake yaziba hata ekzosti, bomba la moshi wa moto la gari. Hapo ndipo ningemtoa mbio! Epoksi ya kawaida iliyokaushwa bila joto hulegea ikifika nyuzi 60 hivi. Basi dalili ni hizi: kopo halina jina wala tarehe, tyubu ni ndogo kupita kiasi, na muuzaji adai yaziba kila kitu. Mwambieni achanganye kidogo, mkiache kwenye maji ya bahari siku kadhaa ndipo mlipe. Hatakubali.

Huyu ashikwe! Akionekana, wazee wa soko waitwe, apelekwe kituoni na kopo lake mkononi, na watu wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, waje wanuse wenyewe. Arudishe pesa ya kila fundi, kisha anunue epoksi halali kwa mfuko wake na azibe upya kila alichoharibu, tukimsimamia. Mtu anauza chaki kwa bei ya chuma, na bado anakuita "bosi wangu" akihesabu noti!

Nambari aliyopokelea pesa imezimwa. Kopo ninalo, asiyeamini aje anuse.