Kuziba mivujo au kufunga sola?

Kamati ya maji yenye bajeti ndogo hujiuliza: izibe kwanza mivujo ya mabomba, au ifunge sola ya kuendesha pampu? Kuinua lita 1,000 kwa mita 100 hula karibu yuniti 0.55 za stima, pampu na mota zikiwa na ufanisi wa asilimia 50. Thuluthi ikivuja, thuluthi ya stima hiyo imepotelea ardhini.

Kuziba huanza kwa pesa kidogo: mita ya kupima maji yanayotoka kwenye tangi, valvu za kutenga mitaa, kisha kusoma mita saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Ikizunguka kwa kasi, funga valvu moja moja ukiitazama. Mtaa ambao ukifungwa mita hupunguza kasi ghafla ndio wenye mvujo. Tahadhari: presha ikipanda baada ya kuziba, viungo vikuukuu hupasuka kwingine. Na mivujo hurudi, kwa hiyo fundi awe wa kudumu.

Sola hudai fedha kwa mpigo, lakini hufuta gharama ya dizeli. Bila tangi kubwa, jioni ni ukame. Paneli hudumu, inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uendeshe pampu, ndiyo hutangulia kufa.

Kisima kirefu, jenereta ya dizeli, mabomba mapya: sola. Maji ya mteremko, mabomba ya zamani: ziba, maana hakuna pampu ya kuendesha. Mkiwa na shida zote mbili, pimeni mivujo kabla ya kuagiza paneli, msije mkanunua za kusukuma maji yanayomwagika.