Klipu za springi kwenye mpira wa rejeta: uzoefu wangu

Nilinunua klipu mbili za springi, zile bapa nyeusi zenye masikio mawili ya kubana kwa plaizi, kwa ajili ya mpira wa juu wa rejeta. Pale Gerezani nilizipata kwa shilingi elfu nne kila moja. Zipo kwenye gari tangu kabla ya masika. Zimepanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa na zimekaa foleni ya Mbagala jioni feni ikiunguruma bila kukata, na mpira haujachomoka tena. Nazipa nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuinyima ile moja nitaisema.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, cc 1500, na limeshatembea sana. Ugonjwa wake ulikuwa huu: mpira wa juu, ule unaopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini kwenda rejeta, unachomoka upande wa rejeta. Mvuke unatoka kwenye boneti, mshale wa joto unapanda, unasimama pembeni na watu wanakuzunguka na ushauri. Kila fundi aliyeitwa alifanya jambo lilelile: anaurudisha mpira, anakaza klipu ya skrubu kwa bisibisi mpaka mishipa ya shingo inamtoka, anagonga boneti. "Dada, hapo hata trekta haliuvuti." Wiki haiishi, uko barabarani tena. Mmoja akakata ncha iliyochakaa ili apate mpira mzima wa kubana. Mwingine akapaka gundi ya silikoni kabla ya kuuchomeka. Kumbe gundi ile kabla haijakauka ni utelezi mtupu, na ikishakauka inaacha mabonge chini ya mpira, kwa hiyo klipu inabana mabonge badala ya kubana shingo ya rejeta.

Aliyenielekeza kwenye klipu za springi ni fundi mmoja wa makamo, gereji ya uchochoroni Ilala. Hakushika bisibisi kwanza. Aliuvua mpira injini ikiwa baridi kabisa, akaupitisha kidole ndani.

"Nani kaukata huu?"

"Fundi wa mwanzo."

"Kaufupisha. Injini ikiyumba inauvuta. Kamba fupi haifungi mbuzi, dada."

Nikashika taa ya simu nikaona mwenyewe. Shingo ya rejeta ina ukingo ulioinuka kidogo kuizunguka karibu na mdomo wake. Ukingo ule ndio unaozuia mpira usirudi nyuma, na klipu inatakiwa ikae baada yake, upande wa rejeta. Ya kwangu ilikuwa imekaa juu ya ukingo wenyewe. Unaweza kuikaza unavyotaka, inapokaa hapo kila joto likipanda inasukumwa kuelekea nje. Juu ya hayo, shingo ilikuwa na ganda jeupe la maji ya kisima niliyokuwa naongezewa kila gari likichemsha, pamoja na masalia ya silikoni. Aliyatoa kwa msasa laini, taratibu, maana matangi ya rejeta nyingi za siku hizi ni ya plastiki na ukichimba mfereji umejitengenezea njia ya kuvuja.

Kabla ya kuzungumzia klipu akawasha gari likiwa baridi, mpira mwingine wa kuazima ukiwa umefungwa, mkono wake ukiwa juu ya mpira. Anayesoma hapa asiruke sehemu hii. Mpira ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, wakati injini haijapata joto, basi kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha gesi na maji juu ya injini, ndiyo imekufa. Dalili nyingine ni mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta. Gari la namna hiyo halitibiwi na klipu. Ukiubana mpira wa juu, presha itatafuta mahali pengine palipo dhaifu, pengine mpira wa hita, pengine tangi la plastiki lenyewe. Mpira kwenye gari langu ulibaki laini mpaka injini ilipopata moto, ndipo ukakaza kidogo kama inavyotakiwa.

Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa na lawama zake. Kwenye magari ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo presha ambayo valvu yake inaanza kuachia maji yaende kwenye tangi la akiba. Presha hiyo ina kazi: maji yaliyobanwa hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia zaidi. Ila valvu ikiganda kwa kutu presha haina pa kutokea, na kiungo kinachoshika vibaya ndicho kinachoachia. Wangu ulikuwa umeganda. Nikanunua mpya wenye namba ileile ya zamani. Muuzaji alinishawishi nichukue wa presha kubwa zaidi "kwa usalama", nikamkatalia.

Sasa klipu zenyewe. Klipu ya skrubu inabaki pale ulipoiacha. Injini ikipata joto, mpira na shingo vinatanuka, mpira unabanwa dhidi ya ukanda wa chuma usiosogea na unazoea kubaki umebonyea. Usiku vikipoa vinasinyaa, lakini ukanda haufuati. Ndiyo maana unakuta tone asubuhi, na mchana gari likiwa na moto halivuji. Klipu ya springi inafuata: mpira ukitanuka inafunguka, ukisinyaa inajifunga. Magari mengi ya Kijapani yanatoka kiwandani nazo, kisha zinaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu huku kwetu kwa sababu kuzitoa kunahitaji plaizi na uvumilivu, wakati klipu ya skrubu inahitaji bisibisi tu. Tena zile za skrubu zenye matundu kwenye ukanda hukata mpira kidogo kidogo. Wangu ulikuwa na alama za meno pande zote.

Katika kuzinunua, usikadirie kwa macho. Pima upana wa nje wa mpira ukiwa umeshavaa shingo, siyo ukiwa mkononi. Klipu nyingi zina namba ya milimita iliyogongwa kwenye sikio. Ukichukua kubwa haibani, ukichukua ndogo utaipanua kupita kiasi na springi italegea siku hiyohiyo. Na ndani ya boksi moja la duka lile nilikuta nyingine laini, unaibana kwa vidole na inafunguka. Hiyo irudishe. Nzuri huibani bila plaizi, na hata kwa plaizi inakusumbua. Zilizochomolewa kwenye magari ya zamani usizishike hata ukipewa bure.

Kuzifunga kulituchukua muda kuliko kila kitu. Mpira mpya wa urefu wa kiwandani kwanza, klipu ikitangulizwa mbali juu ya mpira, kisha shingo ikaloweshwa kwa kulanti kidogo, yale maji maalumu ya kupoozea injini, ili mpira uteleze mpaka mwisho. Grisi na oili hapana kabisa, mipira ya rejeta ya kawaida ikipata oili inavimba na kulainika. Halafu unaibana klipu, unaivusha ukingo, unaiacha ikae kati ya ukingo na ncha ya mpira. Geuza masikio upande ambao plaizi itafika siku nyingine. Na weka uso pembeni: plaizi ikiteleza, kipande kile cha chuma kinaruka kwa nguvu ya kutoboa jicho.

Tukajaza kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, mpaka hewa ilipoisha kutoka. Mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto haufunguliwi, maji yale yaliyokuwa yametulizwa na presha yanalipuka kuwa mvuke ukiachia tu.

Nyota niliyoinyima ni ya kutu. Rangi nyeusi ya klipu hizi imeanza kuachia kwenye masikio, na kwa hewa ya chumvi ya Dar sidhani kama zitazeeka na gari. Kushika bado zinashika vizuri. Jambo lingine, ukiharibikiwa porini, Mikumi usiku kwa mfano, bila plaizi ya mdomo mpana hizi hazikusaidii. Kwa hiyo kwenye buti nina klipu moja ya skrubu ya ukanda laini usio na matundu na spana yake ndogo, ya kunifikisha tu.

Mpira wa chini bado una klipu za skrubu na hauvuji. Jozi ya springi ya kwake nimeshanunua, imelala kwenye droo ya gari ikisubiri siku ya kubadili kulanti, maana kuufungua ule ni kuimwaga yote.