Mwizi, mzimu na mnyonya damu: flashi ya Lee Joon-gi iliyopita saluni kwangu

Kwa wenye haraka: kati ya sizoni hizi tatu za Kikorea, kama una hela ya moja tu, chukua ya mzimu. Ya mnyonya damu ni ya pili na inataka subira. Ya mwizi ichukue ukiwa na siku ya mvua na huna mteja.

Nina saluni Kirumba, hapa Mwanza, njia ya kushukia Mwaloni. Mtu wa rasta ndogo ndogo anakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka alasiri, na lazima awe na kitu cha kuangalia. Taarifa ya habari inaleta ubishi. Sizoni za kusoma maandishi chini hazitufai, maana mteja kainamishwa kichwa na mimi macho yako kwenye mistari. Kwa hiyo sisi ni watu wa muvi za kutafsiriwa, zile DJ anasimulia juu ya picha. Hapa kwangu muvi inasikilizwa kwanza, kuangaliwa ni baadaye.

Kijana mmoja wa laibrari ya muvi alinijazia sizoni tatu za Kikorea, zote za enzi za wafalme wao, zote steringi, yaani mwigizaji mkuu, ni Lee Joon-gi. Buku kwa kila sizoni. Kila moja ina sehemu 20, na sehemu moja ni kama saa nzima. Kwa bei, sina neno.

Iljimae ya 2008 nitaipitia haraka. Mchana steringi ni kijana wa mtaani tu, usiku anaficha uso anaruka kuta za vigogo, na kila anakoiba anaacha picha ya tawi la maua ili asisingiziwe mwingine. Anamtafuta aliyemuua baba yake. Ngumi na panga ni tamu, lakini mapigano hayana maneno, na DJ naye akifika hapo anabaki na "piga huyo! piga huyo!" Mteja aliyeinama haoni kitu. Ya nyumbani hiyo.

Sasa Arang and the Magistrate, ya 2012. Steringi alikuwa ndiyo katoka jeshini mwaka huohuo, na sijui jeshi lilimfanya nini, lakini amerudi anachekesha. Ni hakimu wa wilaya asiyetaka kazi, ana kipaji cha kuona mizimu na anajifanya hawaoni, kwa sababu wakijua unawaona hawakuachi na shida zao. Anamtafuta mama yake aliyepotea. Anakutana na mzimu wa msichana, Arang, ambaye hakumbuki hata jina lake, wala nani alimuua.

Mwanzoni kuna mahali wanakijiji wanatupa chakula cha kutambikia na mizimu wanakigombania, wanasukumana, wanavutana nguo, na huyo Arang mrembo yumo katikati anapigania tonge. Siku hiyo nilikuwa namsuka mama mmoja wa Kisesa, twende kilioni. Akainua kichwa, chanuo likaniponyoka. "Masamva hao," akasema, yaani mizimu ya mababu kwa Kisukuma. "Ukiwasahau ndiyo wanakuwa hivyo, dada. Wanasumbua kwa sababu wana njaa." Akaanza kutueleza bibi yake alivyokuwa akimwaga pombe ya mtama uani kabla mtu yeyote hajaonja. Binti aliyekuwa akisubiri akauliza na wale waliookoka je, wao mizimu yao inakula wapi? Ikawa mjadala, tukapitwa na nusu ya sehemu nzima, ikabidi nirudishe nyuma.

Kuna vigogo wawili, wa mbinguni na wa kuzimu, wanacheza mchezo wa kete huku wanabishana kuhusu roho za watu, utadhani wazee wa bao. Wanamrudishia Arang mwili na kumpa mpaka mwezi mpevu wa tatu awe ameujua ukweli wa kifo chake. Hapo ndipo utamu ulipo: kila sehemu unajua muda unakwisha, na mteja akimaliza nywele haondoki. Nimeuza soda nyingi kwa sababu ya sizoni hii.

Ya tatu ndiyo nilikuwa naisubiri, The Scholar Who Walks the Night, ya 2015. Ufalme uko chini ya mnyonya damu anayeitwa Gwi. Anakaa kwenye jumba chini ya ardhi, palepale ikulu, na mfalme anayekaa juu anajua. Steringi ni msomi aliyegeuzwa mnyonya damu, ana miaka 120 anatafuta maandishi ya mwana wa mfalme aliyekufa, yenye siri ya kumuua Gwi. Akitoka mchana anavaa joho jeusi ili jua lisimuunguze. Anayemtafutia vitabu ni msichana anayejivika uanaume, muuza vitabu wa kutembeza, na mimi huyo ndiye niliyempenda kuliko wote. Anabeba mzigo, anapatana bei, analea wazazi.

Nimekulia Ukerewe tukitishwa na mumiani. Mumiani wa bibi yangu alikuwa mtu wa kuja na gari, wa zama za mkoloni, anakamata watu usiku kwa ajili ya damu. Alikuwa mgeni, na akishaondoka mmepona. Gwi haondoki. Watu wa ikulu wanakula, wanaoana, wanapeana vyeo, na chini ya miguu yao yupo, na kila mfalme mpya lazima akubaliane naye. Mfalme wa sasa alifikia kumtoa mwanawe mwenyewe auawe, na mjukuu wake anakua akilijua hilo. Binti mmoja wa chuo kikuu cha SAUT anayekuja kusuka notlesi alisema hiyo wameichota kwenye historia yao ya kweli: mwaka 1762 mfalme Yeongjo alimfungia mwanawe Sado ndani ya sanduku la mchele mpaka akafa. Sanduku la mchele, jamani! Saluni nzima ilinyamaza, hata DJ alionekana kelele.

Na huyu DJ nina neno naye. Kaka, Gwi anaigizwa na Lee Soo-hyuk, mwanaume mwenye sauti nzito ya kutoka tumboni. Yule binti alitusikilizisha kipande kwenye simu yake, bila tafsiri, na tukagundua tulikuwa tunapunjwa. Adui anaongea polepole, kila neno linakutisha. Wewe juu yake unatuletea utani wa Simba na Yanga. Utani weka kwenye ya mzimu, pale unaingia. Adui akifungua mdomo, mwache kwanza amalize, ndiyo ututafsirie.

Si kosa la DJ peke yake lakini. Kuanzia katikati sizoni yenyewe inazunguka: kitabu kimepatikana, kitabu kimeibwa, steringi ana huzuni, msichana analia, huzuni tena. Mteja mmoja alilala, kichwa kikaangukia mbele, mstari wangu ukapinda nikaufumua. Mapenzi yao sikuyaamini. Mwana wa mfalme angemfaa zaidi yule dada, na waliokuwepo siku hiyo wote walinikubalia.

La mwisho ni la laibrari. Ukijaziwa flashi usiondoke kabla hujafungua faili moja moja palepale. Kwenye yangu sehemu ya 17 ya mnyonya damu haikuwemo, mahali pake pamewekwa muvi ya Kihindi yenye jina lilelile la faili. Nimerudi kuidai, kijana ananiambia dada subiri DJ ashushe mzigo mpya. Nina mteja wa Jumamosi amelipa kabisa hela ya rasta, na amesema hakalii kiti mpaka hiyo 17 ipatikane.