Riwaya ya fumbo au ya kazi ya polisi?

Kama una siku mbili tu, fumbo linashinda: maiti moja, washukiwa wachache, na kidokezo kilichoachwa waziwazi, pengine saa ya ukutani iliyosimama. Ila ukishamjua muuaji, kurudia kusoma hupungua ladha.

Riwaya ya polisi inataka subira: ripoti za maabara, mashahidi wanaojikanganya, usiku kucha ndani ya gari. Mimi hunasa hapo hapo, maana wapelelezi huzeeka na ndoa zao huvunjika nikiwatazama. Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi waliandika riwaya 10 kuanzia 1965 hadi 1975. Hizo zisome kwa mfuatano. Mafumbo, okota lolote.

Rafiki mwenye safari ya siku moja mpe fumbo. Anayeuguza mguu uliovunjika, mpe polisi.